Msusi Aliyeombea Ugonjwa

Daktari alipomwambia kwa mara ya tatu kwamba vipimo vyake viko sawa, Kiwembe alitamani kumrushia kiti. Hakurusha chochote. Aliitikia kwa kichwa, akasema asante, akainuka kwa kushikilia ukingo wa meza, akatoka. Hilo lilimuudhi kuliko majibu yenyewe. Hasira alikuwa nayo, aliisikia imekaa kifuani, lakini kila alipoifuata ili aitumie aliikuta imeshapoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Nje, wagonjwa walikuwa wamejipanga kwenye benchi, na yeye akawatazama kwa wivu. Ndiyo, wivu. Yule mwenye mguu uliofungwa bendeji, yule anayekohoa kwenye leso, wote walikuwa na kitu. Wakifika nyumbani wataulizwa wanaumwa nini, na watajibu. Yeye akiulizwa aseme nini? Kwamba anaumwa uzima?

Jina la Kiwembe alipewa na dada yake tangu utotoni, kwa ajili ya ulimi. Alikuwa mtoto asiyekubali kuonewa hata na watu wazima, na alipokua hakubadilika. Mtu akimletea za kuleta, alimpa vidonge vyake hapo hapo na mtu akavimeza bila maji. Ajabu ni kwamba watu walimpenda hivyo hivyo, maana akishasema amesema, hana kinyongo, dakika inayofuata anacheka na wewe.

Saluni ilikuwa ya Dada kwa leseni, lakini kwa jasho ilikuwa ya wote wawili. Dada alishika funguo, simu na bidhaa za kwenye rafu. Kiwembe alishika vichwa. Mbele ya kioo kirefu kulikuwa na viti vitatu, na cha kwanza, cha dirishani, ambako mwanga unaingia vizuri, kilikuwa chake tangu siku ya kufungua. Wapita njia walisimama barabarani kutazama vidole vyake vikigawa nywele, mistari inanyooka hadi kisogoni. Mabibi harusi waliweka nafasi kwake kwanza, mambo ya ukumbi yakafuata baadaye. Na mdomo wake ulikuwa sehemu ya huduma. Mteja aliyeng'ang'ania mtindo usiomfaa aliambiwa ukweli mbele ya kioo, akabadilisha, akashukuru.

Hakuna aliyejua mambo yaliharibika lini, hata yeye mwenyewe. Ilianza na baridi. Wenzake wanajipepea kwa magazeti kando ya mashine za kukaushia nywele, yeye amevaa sweta na soksi. Kisha usingizi, usingizi usioisha, wa kuamka umechoka kana kwamba umelala unapigwa. Uso ukamvimba, mwili ukaongezeka ilhali sahani anaisukuma pembeni, choo kikawa shida, ngozi ya viwiko ikakakamaa. Sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, mpaka wateja wanaopiga simu wakawa wanamwita kaka. Mteja mmoja aliruka kitini vidole vya Kiwembe vilipomgusa shingo, akasema mikono ile imetoka kwenye barafu. Kazi iliyokuwa ikimalizika kabla ya chakula cha mchana ikawa inafika jioni, na katikati alisahau mteja alitaka nini.

Halafu nywele. Hapo ndipo palipomchoma hasa. Zilikuwa zinabaki kwenye chanuo fungu zima, zinaacha utosi mwembamba na pembeni patupu, na hata nyusi zikaishia katikati. Msusi hana tangazo jingine zaidi ya kichwa chake. Alianza kufunga kitambaa, kisha akanunua wigi zuri, akachora nyusi kwa penseli kila asubuhi, na ikawa siri yake na Dada. Mumewe mwenyewe alidhani ni mtindo.

Tusimsingizie Dada, hakuwa mtu mbaya. Siku alipouona ule utosi alifunga mlango wa stoo, akakaa juu ya katoni ya shampuu, akalia. Kisha akanyanyuka na kushusha kwenye rafu kopo la vitamini za nywele, zile walizokuwa wakiwauzia wateja. Kopo lilisema kidonge kimoja kwa siku. Dada akasema kimoja ni cha wateja, wewe ni damu yangu. Kuanzia hapo kila asubuhi, pamoja na kikombe cha chai, alimwekea mdogo wake vinne kiganjani na kusimama mbele yake mpaka avimeze. Siku akimwona amenyong'onyea sana, jioni alimwongezea vingine. Nywele hazikurudi, lakini Dada hakukata tamaa, na Kiwembe hakuwa na nguvu ya kukataa kitu kilichotolewa kwa upendo namna ile.

Kilichovunja uvumilivu ni bibi harusi. Alikuwa ameketi kiti cha dirishani, nusu ya kichwa imesukwa, anazungumza na mama yake kupitia kioo, akaona msusi wake amefumba macho. Kiwembe alikuwa amelala wima, chanuo mkononi. Bibi harusi alianza kulia, mama yake akaanza kusema, na Dada akalazimika kumaliza kile kichwa kwa mikono yake mwenyewe huku akiomba radhi kila fungu la nywele. Mistari ilipinda. Habari ikatembea mtaa mzima kabla hata shela halijavaliwa.

Jioni ile, walipokwisha kufagia, Dada alizungumza bila kumtazama.

"Mdogo wangu, nimechoka kukutetea. Kama unaumwa, niambie unaumwa nini, nitakuuguza mpaka mwisho, hata viti hivi nitauza. Lakini kama huumwi, niachie hicho kiti nimweke mtu anayetaka kazi."

Basi ndiyo maana Kiwembe aliombea ugonjwa. Watu huenda hospitali wakiomba wasikutwe na kitu. Yeye alikuwa anaomba akutwe nacho. Na hospitali, kwa ukaidi wake, ilimkuta mzima. Kila jibu la "uko sawa" lilikuwa hukumu. Alikuwa akirudi saluni, Dada anauliza daktari amesemaje, anamwambia, na Dada anageukia rafu kupanga makopo yaliyokuwa yamepangwa tayari. Wasusi wawili wa viti vile vingine walitazamana kwenye kioo, na kioo cha saluni hakifichi.

Nyumbani hakukuwa na afadhali. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole asiyejua kunyamaza. Siku ya jibu la tatu alimfunika blanketi juu ya blanketi, akamkanda miguu, kisha akayaharibu yote kwa kumweleza anavyoyaona mambo. Jokofu likiletwa kwake, alisema, anapima mota, anapima gesi, anapima nyaya. Vyote vikiwa vizima na bado mwenyewe analalamika, basi tatizo si jokofu, ni mtumiaji. Anaacha mlango wazi.

"Kwa hiyo mlango wangu nani anauacha wazi?" Kiwembe aliuliza, na kulisema hilo tu kulimchukua muda.

Mume akasema hakuwa na maana mbaya. Labda aache simu usiku. Labda atembee asubuhi, jirani yao alitembea akapungua. Kiwembe aligeukia ukutani. Zamani maneno kama hayo yangemlaza mtu sebuleni, na mume alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alibaki ameduwaa akisubiri matusi ambayo hayakuja. Baadaye alimsikia akinong'ona jikoni kwenye simu, akimuuliza Dada kama mwenzake ana siri yoyote anayomficha.

Dada alimpa Kiwembe mpaka Jumamosi alete jibu. Alishampata msichana mmoja wa mtaa wa pili, fundi kwelikweli, wateja wanamwita Vidole kwa kasi yake. Siku ya Jumatano Kiwembe alirudi hospitali bila kuitwa, akakaa kwenye lile benchi hadi foleni ikaisha.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, chakula chake cha mchana kimefunikwa kando bado hakijaguswa. Naye hakuwa mzembe. Tangu siku ya kwanza alikuwa amemshika shingo, akamwambia ameze mate, akamwambia wazi kwamba kwa dalili zile angeapa ni tezi ya shingo. Ndiyo hiyo hasa aliyokuwa akiipima, mara zote tatu. Na kila mara alimuuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia, na kila mara Kiwembe alijibu hakuna. Safari hii daktari alivuta pumzi, akaanza kumweleza kwa upole habari za msongo wa mawazo, kwamba mwili huweza kubeba mzigo wa moyo, kwamba kuna mshauri mzuri ghorofa ya juu.

Kiwembe alimsikiliza mpaka aliposikia neno kupumzika. Kisha akapeleka mkono kichwani, akavua wigi, akaliweka juu ya meza baina yao. Akalowesha ncha ya kitambaa kwa mate, akajifuta nyusi, moja baada ya nyingine.

"Nitazame," alisema. "Mimi ni msusi."

Hakuwahi kukaa mbele ya mtu asiye Dada akiwa hivyo, na aliona aibu kuliko kama angevuliwa nguo. Daktari alisimama, akazunguka meza, akamshika kichwa kwa vidole viwili kama mtu anayegusa kitu cha mwenzake. Akamtazama nyusi. Akauliza kwa nini hakumwonyesha tangu mwanzo.

"Hukuniomba nivue. Na ungeniomba ningekataa."

Daktari akauliza amekuwa akijitibu kwa kitu gani. Kiwembe akamtajia mafuta ya kila aina, ya kupaka na ya kuchua, mpaka orodha ikamwishia, kisha akasema na vile vidonge.

"Vidonge gani? Umeniambia hutumii dawa."

"Si dawa. Ni vya nywele. Tunaviuza saluni, viko na shampuu."

Daktari alitaka kujua anameza vingapi. Alipoambiwa vinne asubuhi na pengine viwili jioni, alirudi kwenye kiti chake na kukaa. Akamwomba amsomee kilichoandikwa kwenye kopo, maana kwa bahati moja, alilopewa na Dada la nyumbani, lilikuwemo kwenye mkoba wake, akaomba alishike mwenyewe, akateremsha miwani. Kisha alipiga simu maabara, akaongea kidogo, akasikiliza sana.

Maelezo aliyompa baada ya hapo Kiwembe aliyashika kwa shida, lakini aliyashika. Kwamba mbele ya koo kuna tezi inayotengeneza homoni, na hiyo homoni ndiyo inayoupangia mwili mwendo: moyo upige vipi, chakula kichomwe vipi, ngozi ipate joto, tumbo lisogee, akili iwe nyepesi, hata mtu afurahi na akasirike kwa kiasi chake. Kwamba chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama harage, ambayo ni msimamizi wa ile ya shingoni. Ya shingoni ikilegea, ya kichwani inapaza sauti kuiamsha. Maabara hupima ile sauti, na hupima homoni iliyopo. Sasa vitamini ya nywele ikijaa kwenye damu, yenyewe haimdhuru mtu, ila inavuruga kipimo. Kelele zinaonekana ndogo, homoni inaonekana nyingi, na mtu aliye hoi anatokea mzima wa afya.

"Kwa hiyo naumwa," Kiwembe alisema.

Daktari akasema inawezekana sana. Lakini aache vidonge vyote kabisa, arudi wiki ijayo, wampime upya. Kiwembe akamweleza habari ya Jumamosi. Akamwomba aandike tu, mstari mmoja, kwamba anaumwa. Daktari alikataa. Alikataa kwa upole, akiwa amemshika mkono, lakini alikataa, akasema hawezi kuandika asichokijua. Kiwembe alivaa wigi lake upande, akatoka akiwa na kweli mkononi isiyomfaa kitu hadi wiki ijayo.

Angemwambia Dada ukweli? Alikusudia. Alifika mpaka mlangoni na maneno mdomoni. Lakini kumwambia Dada vidonge vyako ndivyo vilivyonificha kulihitaji ubishi, na ubishi unahitaji nguvu, na hapo pia alikuwa hajui kwa hakika. Alisema tu kwamba daktari anataka wiki moja zaidi. Dada akasema kila siku ni wiki moja zaidi. Na kesho yake asubuhi, vinne kiganjani, kama kawaida. Kiwembe alivibana chini ya ulimi, akanywa chai, akaenda kuvitema nyuma ya jengo kwenye chungu cha maua. Alifanya hivyo siku zote zile, mtu mzima na akili zake, akijificha na vidonge kama mtoto anayekataa dawa ya minyoo.

Jumamosi Vidole alikuja na mkoba wake wa chanuo na pini. Alikuwa msichana mwenye adabu, alimwamkia Kiwembe kwa heshima, na hilo liliuma zaidi. Dada alimwambia mdogo wake kwamba kuanzia leo atakuwa kwenye sinki la nyuma, kuosha vichwa na kufua mataulo. Kwa muda tu, alisema. Kiwembe akajibu sawa. Alilisikia hilo neno likitoka kinywani mwake na kulichukia. Alichukua chanuo zake kutoka kwenye droo ya dirishani, akazihamishia kwenye kikopo kando ya sinki, na faraja pekee aliyoipata siku hiyo ilikuwa maji ya moto.

Wiki iliyofuata daktari alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi kumwita. Hakumngoja akae. Alimwambia tezi yake imelala, tena si leo wala jana, na ile ya kichwani imekuwa ikipiga kelele muda wote huo bila mtu kuisikia. Akamwomba radhi kwamba hakuuliza swali lile vizuri zaidi. Kiwembe alilia mpaka kamasi. Alipotoka, mzee mmoja kwenye benchi akampa pole, akamuuliza wamemkuta na nini. Akamjibu wamemkuta na ugonjwa, akicheka, na yule mzee akasogea mbali kidogo.

Mumewe alipoambiwa ni tezi, alisema, si ni ugonjwa wa wanaume huo? Ilibidi aelezwe kwamba tezi ni nyingi, na kwamba hii ya shingoni haichagui. Alipoelewa alikaa kimya, jambo la nadra, kisha akasema kwamba hata majokofu yana kidude kidogo kinachopima baridi, kikiharibika kinaidanganya mota, na fundi mjinga anaweza kupima siku nzima asione. Fundi mjinga ni mimi, akasema. Kiwembe alimkubalia.

Na Dada? Kiwembe alimkuta stoo, akamweleza yote, polepole, sauti yake ya kukwaruza ikikatikakatika. Alitarajia machozi, au msamaha, au walau kushikwa mkono. Dada alisimama amenyooka, kopo la vitamini mkononi.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye niliyekuumiza."

"Havikuniumiza. Vilinificha."

"Nimekupa kwa mkono wangu, kila siku. Kwa nia njema."

"Najua, Dada."

"Basi usiniambie kama nilikuwekea sumu."

Akasema wateja wengine wameota nywele kwa vidonge hivyo hivyo. Akasema amefurahi kwamba dawa imepatikana. Akasema habari ya kiti wataizungumza akipata nguvu, maana Vidole ameshaahidiwa, na mtu hawezi kumwita mwenzake leo akamfukuza kesho. Yote yalikuwa maneno ya haki kabisa, na Kiwembe alitamani kumrarua. Alisema sawa.

Kuanzia hapo Dada hakusimama tena mbele yake asubuhi. Aliacha kikombe cha chai ukingoni mwa sinki na kuondoka haraka, kama mtu anayedaiwa. Makopo yakatoweka kwenye rafu bila maelezo. Kiwembe aliyaona yote hayo na akajua maana yake, lakini kujua hakukumpoza. Alikuwa na haki ya kusema, alikuwa na ya kusema, mdomo tu ndio haukuwaka. Akawa anaosha vichwa vya watu waliokuwa wateja wake, wanainama kwenye sinki wanamwambia pole, kisha wanainuka na kwenda kukaa dirishani.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo mno, cha kumezwa alfajiri tumbo likiwa tupu, chai baadaye. Kwa wiki za mwanzo hakuona tofauti, akaanza kushuku kwamba hata ugonjwa wake ni mvivu. Kisha siku moja akajikuta amevua sweta bila kukumbuka kuivua. Siku nyingine akamtaja mteja kwa jina, na jina la mtoto wake, na mtihani aliokuwa akiufanya. Tumbo likakumbuka kazi. Uso ukapungua, pete ikaingia kidoleni. Na asubuhi moja akasikia bomba la sinki likidondosha tone, tone, tone, kama lilivyokuwa likifanya miezi yote ile, na likamkera. Lilimkera kiasi cha kutaka kulivunja. Alisimama pale taulo mkononi, akistaajabia kukereka kwake, na hakuliziba mara moja ili aendelee kukereka kidogo.

Haikupita siku nyingi akaingia mteja wao wa zamani, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke aliyekuwa akisukwa na Kiwembe tu. Alimwona Vidole yuko katikati ya kichwa cha mtu kwenye kiti cha dirishani, akamuuliza Dada kama anaweza kumsubiri Kiwembe. Dada akashusha sauti, lakini saluni ile haikuwa kubwa.

"Huyo mwache tu. Siku hizi ni wa kuosha."

Kiwembe alifunga bomba. Alipita kati ya viti akikausha mikono, na kabla hajafika mbele alishaijua ile hasira inayopanda kifuani, moto kama ilivyokuwa zamani, na safari hii haikupoa njiani.

"Wa kuosha nani, Dada?"

Mashine za kukaushia zilikuwa zinavuma, na bado sauti yake ilizipita. Wale wasusi wawili wakageuka. Dada akasema, taratibu, kwamba hayo wangeyaongea baadaye.

"Baadaye ipi? Nimekaa kwenye hilo sinki nakusubiri wewe uone haya. Ulinijazia vidonge mpaka hospitali ikashindwa kuniona, nikakunyamazia. Ukaniita mvivu kwa sababu hospitali haikuniona, nikakunyamazia. Ukampa mtu kiti changu huku umeshika kopo mkononi, nikasema sawa. Nilisema sawa, Dada, mimi. Wewe unayenijua tangu nazaliwa, lini uliniona nikionewa nikasema sawa? Hata hilo halikukwambia kwamba ninaumwa?"

Mashine moja ikazimwa. Vidole alikuwa ameinua mikono juu ya kichwa cha mteja wake bila kugusa kitu. Dada alijishika kwenye kaunta, na Kiwembe akadhani sasa atajibiwa, akajiweka tayari kwa kujibiwa, hata akatamani. Badala yake Dada akaziba uso kwa viganja vyote viwili na kulia kwa sauti, palepale mbele ya wateja, yeye ambaye kwa kulia alikuwa akifunga milango.

"Nilidhani umeshakufa," alisema. "Nilikuwa naona mtu amekaa pale anaitikia kila kitu. Nikasema mdogo wangu ameondoka, na sijui nimemfanya nini. Kisha nikajua nimemfanya nini. Nisamehe."

"Sijamaliza."

"Basi maliza," Dada akasema, akijifuta kwa mkono wa blauzi. "Maliza yote."

Vidole, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshakusanya pini zake na kusogea kando. Mteja aliyekuwa dirishani, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, akauliza kwa wasiwasi na kichwa chake kinakuwaje. Kiwembe akamgeuza atazame kioo, akachukua chanuo, akagawa fungu la kwanza, likanyooka. Kisha akaendelea kumsema dada yake, tangu mwanzo, bila kuruka kitu, mpaka upande wote wa kushoto ukaisha.